Honi Atafuta Kimya

Kiwandani walimwita Honi, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani, mpaka sokoni, mpaka kwa wakwe. Hakulichukia. Alisema bora uitwe Honi watu wakupishe njia kuliko uitwe Mpole wakukanyage vidole. Alikuwa na uwezo wa kumwita mtu wa mtaa wa pili bila kunyanyuka kitini, na hakuna aliyemlaumu. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mashine za kufuma vitambaa, arobaini chumba kimoja, zote zikigonga kuanzia asubuhi mpaka jioni, anajifunza kupaza sauti atake asitake.

Tena si kupaza sauti tu. Siku yake ya kwanza kazini, msimamizi wa zamu, mama mmoja mnene asiyecheka, alimshika bega akamvuta nje ya mlango ndipo akamwambia: "Humu ndani masikio yako yaache getini. Mtu akiongea, mtazame mdomo." Mwezi haukuisha, Honi alikuwa anapiga soga na mwenzake wa mstari wa tatu, waliyemwita Mashine Nane, bila sauti hata chembe. Midomo tu. Waliteta wanaume, walifundishana dawa za tumbo, walimsengenya meneja akiwa amesimama katikati yao na daftari lake, na yeye maskini akidhani wanatafuna. Walipokutana barabarani siku ya mapumziko kila mmoja alishangaa mwenzake ana sauti ya namna gani.

Mwaka jana Honi alistaafu. Walimpa saa ya ukutani na makofi, akarudi nyumbani kungoja mjukuu. Mjukuu akaja, dume, na bibi akampokea kwa jina moja tu, mume wangu. Mume wangu ameamka? Mume wangu ameshiba? Mpango ulijulikana tangu mimba: binti yake, anayefanya kazi kwenye duka la dawa karibu na stendi, angerudi kazini mtoto akitimiza miezi minne, na mtoto angeshinda kwa bibi, milango miwili tu kutoka kwao. Honi alikwisha toa cherehani chumbani akaweka kitanda kidogo chini ya dirisha. Hilo ndilo lililokuwa limebaki la kumwamsha asubuhi, na alilisema wazi kwa kila aliyemuuliza habari za kustaafu.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Binti alimwachia mtoto kwa saa moja aende sokoni. Aliporudi alimsikia mwanawe tangu getini, akaingia mbio. Akamkuta amelia mpaka sauti imekauka, uso umevimba, na hatua tano kutoka pale bibi amempa mgongo, anachambua mchele huku akiimba zake taratibu.

"Mama, mtoto analia."

Honi aliendelea kuchambua. Binti akamgusa bega. Hapo ndipo aligeuka, akatabasamu, akauliza kama bamia zilipatikana.

Jamani, alivyojitetea siku hiyo. Kwanza alimtupia lawama fundi wa mageti wa nyumba ya pili, na grenda lake linalokata vyuma kutwa nzima.

"Mama, leo Jumapili. Fundi hayupo."

Basi, akasema Honi, makelele ya wiki nzima yanakaa masikioni, hayatoki siku moja. Binti alipotaja hospitali, akamkata kauli: ukienda hospitali na sikio, watakutafutia na moyo.

"Mficha maradhi kilio humuumbua, mama."

"Maradhi gani? Wagonjwa ni nyinyi. Watu siku hizi mnaongea kama mmebana pipi mashavuni, halafu mnasema mzee hasikii."

Yangeishia hapo kama si mama yake Mwalimu. Mwalimu ndiye mkwe wa Honi, mume wa binti, kijana mpole anayefundisha hesabu. Mama yake anaishi upande wa pili wa mji, mabasi mawili, na habari zilipomfikia akatuma salamu kwamba yeye yupo, ana nafasi, na jirani yake ana vyumba viwili vizuri vya kupangisha. Wakihamia huko, mtoto atakuwa katika mikono salama. Mikono salama! Maneno hayo yalimkaa Honi kooni kama mwiba wa samaki. Mama huyo tangu zamani hakuwa chaguo lake. Alikuwa na tabia ya kufunika mdomo kwa kiganja akiongea, na Honi alikuwa hamwelewi neno hata moja, akaamini ni dharau.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya binti kurudi kazini. Ilifika Alhamisi hajatamka mtoto ataachwa wapi, na mama mtu alijua kimya hicho kina maana gani.

"Nipelekeni mahali pasipo na makelele," akawaambia siku hiyo mezani. "Hakuna grenda, hakuna redio, hakuna pikipiki. Mkae nami huko kutwa. Mkiona sisikii, mchukueni mtoto mpeleke mnakotaka. Mkiona nasikia, mnyamaze milele."

Wakatazamana. Mwalimu, ambaye ni mtu wa kutafuta amani hata kwa gharama ya miguu yake, akakumbuka kisiwa. Si kisiwa cha kusifiwa. Ni ukanda wa mchanga tu, mrefu na mwembamba, umelala mbele ya pwani kama ukuta wa ua, upande wa ndani maji yaliyotulia na upande wa nje bahari kuu. Hakuna duka, hakuna hoteli, hakuna umeme, hakuna choo. Shule yao iliwahi kupeleka wanafunzi, wakarudi wamenuna kwa sababu hakukuwa na soda baridi.

"Huko huko," akasema Honi.

Jumamosi asubuhi wakaenda, na kila kitu kilimkera tangu mwanzo. Mwalimu alisahau mwavuli. Binti alibeba mizigo ya kuhamia, nepi za siku tatu, chupa mbili za maji ya moto, na shuka la kufanyia kivuli. Mwenye boti, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, alikaa nyuma kabisa kwenye mashine yake, na Honi akakaa mbele akitazama kisiwa kinakuja. Katikati ya safari maji yakaruka ubavuni yakamlowesha kutoka bega mpaka kiatu. Aligeuka na moto wake.

"Hukuona wimbi?"

"Nimekwambia mara tatu usogee kulia," mwenye boti akasema.

"Sasa wewe unamwambiaje mtu mgongoni? Mimi nina macho kisogoni?"

Binti na mumewe wakatazama maji. Honi aliiona ile namna yao ya kutazama maji, akawapa mgongo mpaka walipofika, kwa hasira.

Walishuka upande wa ndani, maji yakiwafika magotini. Mwenye boti akasema atawafuata saa tisa, akaondoka. Na kweli, palikuwa kimya. Vichaka vifupi, nyasi ngumu za mchangani, kilima kirefu cha mchanga kinachokinga kila kitu cha upande wa pili, na mchanga wenyewe, mweupe, unaomeza mguu mpaka kifundo. Hakuna kivuli hata cha kumtosha kuku. Mwalimu alihangaika na shuka na vijiti nusu saa nzima. Kila akifunga pembe moja, nyingine inafunguka. Honi akamnyang'anya akafunga mwenyewe, fundo la kiwandani, halikufunguka tena.

"Sasa niiteni," akasema.

Nani ataanza kumwita mtu hivyo? Binti alijifanya anapanga chupa. Baada ya muda akazunguka nyuma ya mama yake taratibu. Honi alikuwa anatazama mchanga mbele yake, na juu ya mchanga akaona kivuli cha mikono miwili kinafunguka na kufumba.

"Mimi kuku, unanipigia makofi?" akasema bila kugeuka.

Binti alibaki mdomo wazi. Honi akajisikia raha kuliko siku zote za wiki ile. Kwamba ni macho yaliyomwambia, halikumpitia kichwani. Katika miaka ishirini na sita mambo hayo mawili yalikuwa yamefumwa pamoja, na hakuwa na haja ya kujua uzi upi unatoka wapi.

Lakini raha haikukaa. Mwalimu alimuuliza kitu huku ameinama kwenye mkoba, ikabidi aulizwe mara ya pili. Binti alisema jambo akiwa anamnyonyesha mtoto, uso chini, na Honi akajibu ndiyo, kumbe swali lilikuwa chai au maji. Mnaona sasa, akawaka, ndiyo huko kubana pipi ninakosema. Mtu aongee ameinua uso kama binadamu. Akajuta kuja. Jua kali, mchanga kwenye meno, kimya chote hicho cha bure, na bado watu wanamnong'onezea kama wako msibani. Mtoto aliposhiba na kulala, Mwalimu akapendekeza wakaone upande wa pili kabla chakula hakijajaa mchanga, na wote wakakubali kwa sababu hakuna aliyekuwa na wazo jingine.

Walipanda kile kilima, binti na mtoto kifuani, Honi mbele akihema. Alipofika juu alisimama.

Bahari ya upande huu haikuwa kama ile ya ndani. Mawimbi yalikuja ya urefu wa paa la nyumba, yakapinda, yakaanguka, yakachimba mchanga, yakarudi kuchukua mengine. Upepo ulimpiga usoni. Honi alifurahi. Aliwageukia wenzake akasema, kwa ile sauti yake, "Na huku nako kumetulia. Mahali pa kulala usingizi hapa."

Hawakumjibu. Walikuwa wanashughulika wao kwa wao, na aliwaona wanafanya kichekesho. Binti anasema, Mwalimu anaweka mkono sikioni. Mwalimu anasema, binti anatikisa kichwa. Binti anarudia huku mishipa ya shingo imemsimama. Honi akachemka. Yaani wameanza kumwigiza mbele yake, mchana kweupe.

"Anakuuliza kama umefunika chakula," akamwambia Mwalimu kwa ukali. "Kuna ugumu gani hapo?"

Mwalimu alimtazama. Akajibu jambo kwa mkewe, na mkewe akatoa macho tu.

"Anasema amefunika na taulo," Honi akamwambia binti. "Mbona mnanichezea shere?"

Wakaanza kucheka, wote wawili. Binti akamsogelea mama yake karibu kabisa, macho yamejaa mshangao, na Honi akasoma kila neno kama maandishi ya ukutani.

"Mama, unatusikiaje na mawimbi haya? Sisi hatusikilizani hata kidogo."

Mawimbi haya.

Honi alitazama mawimbi. Lilikuja moja kubwa, likapinda, likaanguka lote kwa mpigo mmoja, na mchanga ukatetemeka chini ya nyayo zake. Mtetemo ule aliujua. Ni ule ule wa sakafu ya kiwanda mashine arobaini zikiwa kazini, aliouhisi miguuni maisha yake yote, na aliujua una maana gani. Sakafu haitetemeki hivyo mahali palipo kimya.

Akamtazama binti. "Sema tena," akamwambia, akafumba macho.

Akangoja. Upepo ulikuwepo shavuni. Mtetemo ulikuwepo miguuni. Sauti ya mwanawe, ambayo aliijua tangu kilio cha kwanza, haikuwepo. Alingoja kidogo zaidi, kwa ubishi tu, halafu akafumbua, na binti alikuwa anamalizia kusema "masikio kama ya popo."

"Masikio ya kiwandani," Honi akajibu, akageuka kurudi kwenye shuka.

Hawakuuona uso wake vizuri baada ya hapo. Alikaa chini ya kivuli akachambua mchanga kwa vidole kama anachambua mchele. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Kwa kiwanda kilichompa saa ya ukutani? Kwa yule msimamizi mnene aliyemwambia ayaache masikio getini, asimwambie kwamba siku ya kuondoka hatayakuta? Alimkumbuka mama yake Mwalimu na kiganja chake mdomoni, na akaona aibu, maana kumbe mwanamke wa watu hakuwa na dharau yoyote. Zaidi alijikasirikia mwenyewe. Mtoto alilia hatua tano kutoka kwake mpaka akakaukiwa, na yeye akaimba.

Halafu, hivi hivi, mawazo yakageuka. Nani anajua? Wao wamecheka. Wamemwita popo. Kama kuna mtu aliyefaulu mtihani kisiwani leo, ni yeye. Atamweka mtoto mbele ya macho kutwa nzima, hatampa mgongo hata dakika moja, mchele atachambua usiku. Mbona inawezekana? Ameendesha mashine sita kwa wakati mmoja bila uzi kukatika asione. Atashindwa na mtoto mmoja?

Saa tisa mwenye boti akaja. Safari hii pia Honi alikaa mbele, lakini akaupa mji mgongo na kuwatazama wenzake, ili kila anayeongea amwone. Binti alimfuata mpaka pale, akainama, akamwekea mtoto mapajani mwenyewe. Tangu ile Jumapili hakuwahi kufanya hivyo. Alimfunika mtoto uso kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya maji yanayoruka, akarudi kukaa na mumewe, na mashine ikawashwa.

Boti yote ikatetemeka. Honi aliweka mkono juu ya yule mume wake mdogo, akaona midomo ya binti inamwambia Mwalimu, pembeni ya sikio, kama mtu anayeamini anasema siri:

"Jumatatu tunamwachia mama. Tumemwonea bure. Mwambie mama yako vile vyumba hatuvitaki tena."

Na Mwalimu akaitikia, "Mimi nilisema tangu mwanzo."

Honi alijisikia mwepesi. Ushindi alioutafuta siku tatu ulikuwa umeletwa mpaka mapajani, na hakuna kilichobaki ila kunyamaza. Kunyamaza nako si kazi. Aliwatazama wanawe wale wawili, akatazama maji, akajiona asubuhi ya Jumatatu akifungua dirisha juu ya kile kitanda kidogo. Alikaa na raha hiyo muda mrefu, karibu nusu ya safari. Kisha upepo ukainua pembe ya kitambaa.

Mtoto alikuwa analia. Mdomo wote wazi, ulimi unatetemeka, machozi yamefika masikioni, uso umekwisha kuwa ule wa Jumapili. Hakuanza sasa hivi. Mtoto hafiki pale kwa mara moja. Nyuma, kwa ngurumo ya mashine, wazazi wake hawakusikia, lakini wao walikuwa mbali na wana udhuru wao. Yeye alikuwa na mkono juu ya kifua chake. Mtetemo wa boti na mtetemo wa mtoto vilikuwa kitu kimoja chini ya kiganja, na hakutofautisha.

Akamnyanyua akamlaza begani, akampigapiga mgongo mpaka akatulia. Ilichukua muda. Binti aliona, akaja akishikilia ukingo wa boti, akanyoosha mikono. Honi alimpa.

"Jumatatu mpeleke kwa mama yake Mwalimu," akasema.

Binti alidhani hakumsikia vizuri. Akamtazama mumewe, akamtazama mama yake. "Mama, tumekwisha amua abaki kwako. Nilikuwa namwambia sasa hivi. Umesikia mpaka hilo, na mashine inanguruma hivi?"

"Sijasikia, mwanangu," Honi akasema. "Nimeona."

Binti hakuelewa mara moja. Alisimama pale na mtoto, anayumba na boti, na mama yake akangoja, akimtazama mdomo.